Mtoto Wetu Anataka Kuwa Afisa wa Jeshi: Kikundi Kifanye Nini?



Somo letu la safari hii limetokana na mkutano mmoja tuliohudhuria. Kikundi kilikuwa na wanachama 24, wengi wao akina mama. Baada ya kuhesabu pesa za mzunguko, mama mmoja alisimama akaomba mkopo wa shilingi 250,000. Watu waliangaliana. Pesa zote za kikundi hazikufika hapo.

Mama alieleza. Kijana wake alimaliza kidato cha nne na kupita vizuri, na ndoto yake ni kuwa afisa wa jeshi. Kuna mtu amewapigia simu akisema anajuana na wakubwa, na nafasi moja imebaki katika chuo cha makadeti. Pesa zifike kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi itapewa mtu wa wilaya nyingine. Mama alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili wa maziwa. Kikundi kingemwongezea zilizobaki.

Wengine walisema, "Tumsaidie, huyu ni mtoto wetu sote." Wengine walisema, "Hiyo ni hongo." Mzee mmoja aliuliza swali ambalo lilinyamazisha watu: "Kwani hicho chuo huingiwa namna gani? Nani hapa anajua?" Hakuna aliyejua.

Hapo ndipo matapeli wanapopata nguvu: pale ambapo hatujui. Basi wacha tujifunze pamoja.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanachama aweze kueleza:
1. Nafasi ya kadeti ni kitu gani na nani hulipa.
2. Masharti yake ni yapi.
3. Kijana ajitayarishe vipi, na kikundi kimsaidie vipi.
4. Namna ya kumtambua tapeli.

NAFASI YA KADETI NI NINI?

Watu wengi wakisikia "kuandikwa jeshi" wanafikiria ule umati wa vijana wanaokimbia katika uwanja wa mpira wa wilaya. Hao ni kuruta, na wakichukuliwa wanakuwa askari wa kawaida. Kadeti ni mwanafunzi wa uafisa. Akimaliza mafunzo anapewa cheo cha uafisa na kuanza kuongoza askari.

Makadeti wa Kenya wanafunzwa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, Nakuru. Tangu 2021 nchi yetu ina Chuo Kikuu cha Ulinzi cha Taifa, na Lanet ni sehemu yake, kwa hivyo masomo ya shahada yameungana na mafunzo ya kijeshi.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba masomo, malazi, chakula na sare hulipwa na serikali. Mzazi halipi karo. Ndiyo maana tunasema ni kama mtoto kupata ufadhili kamili wa chuo. Yeye analipa kwa njia nyingine, yaani kwa utumishi. Akishapewa cheo ni lazima atumikie jeshi, na anaweza kutumwa mahali pa hatari. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na wako wazazi ambao watoto wao hawakurudi. Hilo lisemwe nyumbani wazi kabla ya kutuma maombi, si baada ya barua kufika.

Nafasi hizi si za wavulana peke yao. Fatuma Ahmed aliingia jeshi mwaka 1983, wakati wanawake walikuwa katika kikosi chao cha pekee. Mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupata cheo cha meja jenerali, na Mei 2024 akawa kamanda wa Jeshi la Anga. Kwa hivyo mkihesabu watoto wa kikundi, hesabuni na wasichana.

MASHARTI

Katika matangazo ya miaka ya karibuni, masharti makubwa kwa kadeti wa kawaida yamekuwa haya:

1. Awe raia wa Kenya.
2. Awe na umri wa kati ya miaka 18 na 26.
3. Awe na wastani wa gredi ya B au zaidi katika KCSE, na angalau C+ katika Hisabati, Kiingereza na somo moja la sayansi.
4. Urefu usipungue mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3.
5. Uzito usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke.
6. Awe na afya nzuri na asiwe na rekodi ya uhalifu.
7. Msichana asiwe na mimba wakati wa kuchukuliwa na wakati wa mafunzo.

Kila mwaka someni tangazo la mwaka huo neno kwa neno, maana masharti yanaweza kubadilishwa. Tangazo hutolewa magazetini na katika mtandao wa Wizara ya Ulinzi. Kwa makadeti, maombi ya miaka ya karibuni yametumwa kwa mtandao. Kijana akienda kupanga mstari uwanjani pamoja na kuruta, huenda amekosa mlango wake.

KAZI YA KWANZA: GREDI

Hapa ndipo wengi huanguka. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391, kama mmoja kati ya wanne. Waliofika B ni wachache kuliko hao. Kwa hivyo safari ya uafisa haianzi siku ya tangazo. Inaanza kidato cha kwanza.

Tufanye hesabu kidogo. Gredi ya A ni pointi 12, B+ ni 10, B ni 9, na C+ ni 7. Ili mtoto apate B, masomo yake yawe na wastani wa karibu pointi 9. Tuseme Hisabati amepata C+, pointi 7. Ili kurudi kwenye wastani wa 9, anahitaji masomo mengine mawili ya B+. Yaani 7 na 10 na 10 ni 27, gawanya kwa tatu upate 9. Kumbe somo moja dhaifu linakula masomo mawili mazuri.

Tena angalieni jambo lingine. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Mtoto anaweza kupata B nzuri kwa Kiswahili huku Kiingereza kimeanguka. Hiyo B ni halali kwa mambo mengi, lakini kwa kadeti haitoshi kama Kiingereza hakikufika C+. Mwambieni mapema.

Kikundi kifanye nini? Tumeona vikundi vikifanya haya bila pesa nyingi:
- Kuweka nyumba moja yenye taa ya sola ambapo watoto wa jirani wanasoma jioni wakati wa likizo.
- Kumwomba mwalimu mstaafu au mwanafunzi wa chuo awafunze Hisabati na Fizikia, na kikundi kimpe chakula na nauli.
- Kununua vitabu vya mazoezi vya kikundi, visomwe kwa zamu kama maktaba.
- Kuwapunguzia wasichana kazi za jioni. Huwezi kumtuma msichana mtoni mara tatu, kisha umuulize mbona Hisabati imeanguka.

Kwa wale wenye watoto katika mtaala mpya: kundi la mwisho la 8-4-4 limepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Baada ya hapo vyeti vitakuwa vya namna nyingine. Watoto hao wasiache Hisabati na sayansi, na mzazi asome kila tangazo jipya kwa makini.

KAZI YA PILI: MWILI

Kijana mwenye B kavu lakini hawezi kukimbia kilomita tatu atarudi nyumbani. Na mwili haujengwi kwa wiki moja. Tunapendekeza miezi mitatu.

Mwezi wa kwanza: kukimbia polepole siku nne kwa wiki, akitembea anapochoka. Kila siku afanye pushapu na kuinuka tumbo kadiri anavyoweza, na aandike idadi kwenye daftari.

Mwezi wa pili: aongeze mwendo. Siku moja kwa wiki akimbie kilima. Siku moja apumzike kabisa.

Mwezi wa tatu: ajipime kwa saa kila wiki kwa njia ile ile, aone kama anashuka dakika. Wiki ya mwisho apunguze, asifike amechoka.

Kabla ya kuanza aende zahanati apimwe. Kama ana pumu, shida ya moyo, au huanguka kizunguzungu, ajulikane mapema. Mbio si mahali pa kugundua ugonjwa.

Wakaguzi huangalia macho, masikio, meno, miguu na kifua. Jino linalouma litibiwe sasa, lisingoje. Wengi wetu tuna tabia ya kukimbilia kung'oa jino kwa sababu ni rahisi, lakini mdomo wenye mapengo unaweza kumharibia kijana nafasi. Kama jino linaweza kuzibwa, lizibwe.

Kuhusu uzito, dawa za kunenepesha ziachwe. Githeri, mayai, omena, maziwa na mboga vinatosha, vikiliwa kila siku.

KAZI YA TATU: MAKARATASI

Jambo hili ni dogo, lakini tumeliona likiwaumiza watu. Jina kwenye kitambulisho linasema hivi, cheti cha kuzaliwa kinasema vile, na cheti cha KCSE kimeacha herufi moja. Siku ya ukaguzi huna mtu wa kumweleza ati karani alikosea.

Basi kila mzazi afanye hivi mwezi huu: toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya shule, uviweke juu ya meza pamoja. Soma majina herufi kwa herufi. Angalia tarehe ya kuzaliwa. Kama kuna tofauti, anza kurekebisha sasa, maana kurekebisha huchukua miezi. Aliyefikisha miaka 18 achukue kitambulisho bila kungoja. Na kama cheti cha KCSE bado kiko shuleni kwa sababu yoyote, kifuatwe. Hapo mkopo mdogo wa kikundi unafaa sana.

Wakati wa kujaza maombi kwa mtandao, kijana ajaze mwenyewe, hata kama anatumia kompyuta ya sokoni. Asimwachie mwenye duka aandike akiwa na haraka. Nambari ya simu iwe ya kwake, isiwe ya mjomba ambaye simu yake huzima kila wiki. Akishatuma, aendelee kuangalia gazeti na mtandao wa Wizara, maana majina ya walioitwa hutangazwa huko.

KAZI YA NNE: KUJIELEZA

Jeshi linatafuta mtu wa kuongoza wenzake. Majeshi mengi hupima hilo kwa mtihani wa kuandika, mahojiano, na kazi ya pamoja: vijana wachache wanapewa mbao na kamba, wanaambiwa wavushe mzigo. Wakaguzi wanatazama nani anasikiliza, nani anapanga, nani anapiga kelele tu, na nani anakata tamaa.

Kijana wa kijijini asidhani hana la kusema. Aliyekuwa kiranja, aliyefundisha timu ya mpira ya watoto, aliyeweka hesabu za kikundi cha mama yake, aliyeongoza vijana kuchimba mtaro wa maji, huyo ana ushuhuda. Lakini lazima ajue kuusimulia: shida ilikuwa nini, yeye alifanya nini, mwisho ulikuwaje. Kusema "mimi ni kiongozi" hakutoshi.

Mfanyieni igizo katika mkutano. Wanachama watatu waketi kama wakaguzi. Kijana aingie, asimame wima, asalimu, aketi akiambiwa. Mwulizeni:
- Kwa nini unataka kuwa afisa, na si daktari au mwalimu?
- Jeshi la Ulinzi la Kenya lina matawi gani? (Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Anga na Jeshi la Majini.)
- Askari wako akikataa amri, utafanya nini?
- Ni kosa gani umewahi kufanya, na ulijifunza nini?

Baadaye mwambieni ukweli kwa upole. Akitetemeka mbele ya akina mama wanaomjua tangu utotoni, ni vizuri atetemekee hapo kwanza. Mazoezi yafanywe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na asome gazeti au asikilize habari kila siku.

NAFASI ZA NG'AMBO

Vijana huuliza juu ya vyuo kama Sandhurst cha Uingereza na West Point cha Marekani. Ni kweli, Wakenya wamesoma huko. Lakini mlango wake ni wa serikali. Sheria ya Marekani inaruhusu wageni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja katika West Point, kutoka nchi zote za ulimwengu. Anayeingia awe ametimiza miaka 17 na asiwe amefika 23 tarehe 1 Julai ya mwaka wa kuingia, asiwe ameoa wala kuolewa, na asiwe na wajibu wa kulea mtoto. Lazima apendekezwe na serikali yake, na akimaliza anarudi kutumikia nchi yake. Mtu akija kijijini kuuza nafasi ya West Point, huyo hauzi kitu.

SASA TURUDI KWA ILE SHILINGI 250,000

Matangazo ya jeshi husema wazi kila mwaka kwamba kuandikishwa ni bure. Na Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Kifungo chaweza kufika miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Kwa hivyo mzazi aliyetapeliwa huogopa hata kwenda kushtaki, na tapeli anajua hivyo.

Mtambueni kwa dalili hizi:
1. Anakuharakisha. "Kabla ya Ijumaa."
2. Anasema usimwambie mtu.
3. Anataka pesa kwa simu au mkononi, bila risiti.
4. Anataja wakubwa ambao huwezi kuwauliza.
5. Analeta barua yenye muhuri kabla mtoto hajakimbia, hajapimwa wala hajahojiwa.

Hiyo barua ndiyo mbaya kuliko zote. Vijana wameenda hadi lango la kambi na barua bandia mkononi, wakakamatwa wao. Pesa zimeenda, na kijana ana kesi. Na akipatikana na hatia, rekodi ya uhalifu itamzuia kuomba tena. Mzazi ameuza ng'ombe ili kununua mlango wa kumfungia mtoto wake.

Wengine watasema, "Lakini kila mtu anatoa kitu kidogo." Hatusemi kwamba hongo haiko nchini. Tunasema hivi: kama mtoto anastahili, pesa hizo zimepotea bure. Kama hastahili, siku ya kuongoza askari 30 usiku katika hatari hakuna wa kumpa chai.

Akija mtu wa namna hiyo, kikundi kiandike jina, nambari ya simu na maneno yake, kisha kipeleke habari kwa polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Nendeni watu watatu, msimwache mama mmoja aende peke yake.

MWISHO WA KISA

Kile kikundi kilikataa ule mkopo mkubwa. Haikuwa rahisi. Mama alilia, na wiki mbili hakuja mkutanoni. Lakini kikundi kilimpa mkopo mwingine, shilingi 9,000, wa kuziba meno mawili ya kijana, kununua viatu vya kukimbilia, kurekebisha jina kwenye karatasi na nauli. Mwanachama mmoja aliyekuwa mwalimu alimfanyia mahojiano jioni tatu.

Je, alichukuliwa? Hapana. Aliitwa, akakimbia vizuri, akahojiwa, lakini jina halikutoka. Hatutaki kuwadanganya: waombaji ni wengi na nafasi ni chache, na hata aliyejitayarisha vizuri anaweza kukosa. Kujitayarisha kunaongeza bahati, hakuinunui.

Kijana sasa anasoma uhandisi chuoni. Umri bado unamruhusu kujaribu tena, na jeshi pia huita wataalamu wenye shahada, kama madaktari na wahandisi, kwa tangazo lao la pekee. Jirani yao mmoja, ambaye si mwanachama, alilipa mtu wa simu msimu ule ule. Simu ile haijashikwa mpaka leo. Sisi tulipopita kwa mama mwezi uliofuata alitupa chai ya maziwa, ya ng'ombe wale wale wawili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, nani amewahi kulipa pesa ili mtoto aandikwe kazi? Ilikuwaje?
2. Watoto wangapi wa kikundi wako sekondari sasa? Wangapi ni wasichana? Hisabati yao ikoje?
3. Kama mama huyu angekuwa wa kikundi chetu, tungesema nini?
4. Mtoto akikosa nafasi ya kadeti, njia ya pili ni ipi? Je, imeandikwa mahali?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanachama aje mkutano ujao na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vya mtoto mmoja. Tutavisoma pamoja, herufi kwa herufi. Katibu aandike kila tofauti inayopatikana, na kikundi kiamue nani aanze kusaidiwa.

Mkiwa na swali, liandikeni mlitume. Hadi toleo lijalo, kazi njema.